Last.fm, Letterboxd na Are.na: ladha ya rafiki msanii inasomeka wapi?

Rafiki anayepiga gitaa, akakata video na bado akachora, ukimuuliza anapenda nini atakupa majina matano. Wiki ijayo atakupa mengine matano. Si kwamba anadanganya. Mtu wa namna hii hula kila kitu, na swali humkuta katikati ya mlo. Kwa anayetaka kumchagulia zawadi, kufanya naye kazi au kupanga jioni ya filamu, kumbukumbu zake mtandaoni husema mengi kuliko mdomo wake. Huduma tatu zinafaa kupimwa kwa kazi hiyo: Last.fm kwa muziki, Letterboxd kwa filamu, Are.na kwa sanaa na picha. Zote zina akaunti ya bure, na hiyo ndiyo inayozungumziwa hapa. Tofauti yao kubwa ni kiasi cha kuziamini: ya kwanza huandika mtu anachofanya, ya pili anachotaka kionekane, ya tatu anachookota njiani.

Last.fm ilianza London mwaka 2002, na mwaka 2005 ikaungana na Audioscrobbler, mradi ambao ndio asili ya neno kuskrobo, yaani kila wimbo uliosikilizwa kujiandika wenyewe kwenye akaunti. Sheria yake ni moja na inafaa kukaririwa: wimbo uzidi sekunde 30, na uwe umechezwa nusu yake au dakika 4, lolote litakalotangulia. Wimbo wa dakika 3 na sekunde 20 unaandikwa ukifika dakika 1 na sekunde 40. Kipande cha dakika 22 kinaandikwa kikifika dakika ya 4 tu, hata kama rafiki alikizima ya 5. Anachokiruka mapema hakimo kabisa, na hapo ndipo uzuri wa huduma hii ulipo: hauhitaji mtu akumbuke wala akiri chochote.

Lakini takwimu zake zina mtego ambao wengi hawauoni. Chati hupangwa kwa idadi ya michezo, yaani mara wimbo ulizochezwa, si kwa dakika. Saa moja ya nyimbo za dakika 3 huzaa michezo 20. Saa hiyo hiyo ya vipande vya dakika 15 huzaa 4. Mpenzi wa taarabu ndefu, jazi ya kujipigia tu au muziki wa kimya wa studio ataonekana kama anavigusa kwa kidole, kumbe ndivyo alivyolala navyo mwezi mzima. Kabla ya kusema "huyu ni mtu wa pop", angalia urefu wa vilivyoko nafasi ya 15 hadi 40. Kikiwepo kipande cha dakika 18 kilichochezwa mara 9, hicho kimekula muda mrefu kuliko wimbo wa dakika 3 uliochezwa mara 50: dakika 162 dhidi ya 150.

Kosa la pili ni la usanidi. Spotify huunganishwa na Last.fm moja kwa moja kupitia mipangilio ya akaunti, bila simu kuhusika. Mtu akiongeza na programu ya kuskrobo kwenye simu, nayo ikawa inaisikiliza Spotify ile ile, kila wimbo huandikwa mara mbili. Utaijua hali hii ukiona jina lile lile limefuatana mara mbili, mbili, mbili, ukurasa mzima. Dawa ni kuchagua njia moja: ama acha muunganisho wa Spotify na uizime Spotify ndani ya programu ya simu, ama kinyume chake. Zisipoandikwa nyimbo mpya kwa siku kadhaa wakati mtu anasikiliza, muunganisho umekatika. Tenganisha, unganisha upya, basi.

Kwa msanii kuna uchafu wa aina yake: kazi zake mwenyewe. Anayechanganya wimbo husikiliza rasimu ile ile mara 40 kwa siku mbili, na chati ikamtangaza kuwa shabiki namba moja wa "mix_mwisho_kweli_3". Rasimu zisikilizwe ndani ya programu ya kurekodia, ambayo haiskrobo, si kwenye kichezaji cha kawaida. Kwenye Android, programu ya kuskrobo iitwayo Pano Scrobbler huruhusu kuchagua programu zipi zisikilizwe na kuzuia msanii au wimbo mmoja. Kwenye kompyuta, kiendelezi cha Web Scrobbler, programu ndogo inayoongezwa kwenye kivinjari, kina chaguo la kuandika video za YouTube za kundi la muziki pekee, la sivyo mafunzo ya kuchanganya rangi nayo yataingia kama nyimbo. Na majina: "A" peke yake na "A & B" ni wasanii wawili tofauti machoni pa mfumo, wakati wasanii wawili wasiojuana wenye jina moja wanakaa ukurasa mmoja. Kwa muziki wenye ushirikiano mwingi, jumla za msanii zichukuliwe kama makadirio.

Kipindi gani kisomwe? Siku 7 ni hali ya hewa. Jumla ya tangu mwanzo ni makaburi: imejaa mtu aliyekuwepo miaka sita iliyopita. Weka siku 90 kando ya siku 365. Jina lililomo kwenye zote mbili ni ladha. Lililomo kwenye 90 tu ni moto wa sasa, na zawadi ya namna hiyo huchacha haraka.

Letterboxd, iliyozinduliwa 2011 kutoka Nyuzilandi, inapendeza zaidi kutumia kuliko hizo nyingine mbili, na ndiyo ya kuaminiwa kwa hadhari zaidi. Alama ni nyota nusu hadi 5, yaani ngazi 10, na kila mtu anazitoa mbele ya wafuasi wake. Msanii anayejua kwamba wenzake wanamsoma hataipa filamu ya ucheshi wa kipumbavu nyota 5 hata kama ameitazama mara sita. Zile filamu nne za juu kwenye wasifu ni vazi la kutokea. Zisome kama unavyosoma vazi.

Ukweli umejificha kwenye shajara. Kila mstari una tarehe, nyota, alama ya moyo na alama ya kurudia, na moyo hautegemei nyota. Chukua mstari kama huu: nyota 2 na nusu, moyo umewashwa, alama ya kurudia ipo. Mwenyewe anajua filamu ina kasoro, anaihukumu kama fundi, lakini amerudi tena na anaipenda. Mstari huo mmoja una habari kuliko nyota 5 zisizo na moyo, ambazo mara nyingi ni heshima kwa filamu iliyokwisha kusifiwa na kila mtu. Pitia miezi 12 ya shajara ukitafuta mistari ya namna hiyo tu; ikipatikana mitano, umeshamjua. Orodha ya filamu anazokusudia kutazama iache pembeni, kwani ile ni nia, na kwa baadhi ya watu inafika mamia bila kupungua.

Wanapoharibu wengi ni siku ya kwanza. Mtu anafungua akaunti, anakumbuka filamu 200 alizowahi kuona, anaziweka zote kwenye shajara, na shajara inasema alitazama filamu 200 Jumamosi moja. Za zamani ziwekewe alama ya jicho tu, ambayo haina tarehe, na shajara ibaki kwa zinazotazamwa kuanzia leo. Aliye na orodha kwenye IMDb, hifadhidata ya filamu mtandaoni, anaweza kuileta kama faili la CSV, yaani jedwali la maandishi. Kabla ya kuthibitisha, kagua filamu zenye majina yanayofanana: filamu ya asili na ile iliyotengenezwa upya hubadilishana nafasi kirahisi pale mwaka unapokosekana kwenye safu yake. Sifa moja ambayo haizungumzwi vya kutosha: mipangilio ina sehemu ya kupakua data zako zote. Last.fm haikupi kitufe rahisi cha hivyo, na kwa huduma ya umri wake hiyo ni aibu.

Kwa sanaa hakuna kinacholingana na hizo mbili, na hakiwezi kuwepo kirahisi, kwa sababu mchoro hautazamwi kwa dakika zinazohesabika. Are.na inakaribia. Kila kitu, iwe picha, kiungo, maandishi au faili, ni bloku, na bloku hukusanywa kwenye chaneli. Bloku moja inaweza kukaa kwenye chaneli nyingi, na ukiifungua unaona chaneli zote zisizo za faragha ilimounganishwa. Hakuna matangazo wala kitufe cha kupenda, hivyo hakuna wa kumfurahisha. Chaneli ni za aina tatu: ya wazi (yeyote anaongeza), iliyofungwa (wote wanaona lakini mwenyewe na washirika wake tu wanaongeza), na ya faragha. Akaunti ya bure ina kikomo cha bloku 200, ambacho mkusanyaji hodari atakimaliza upesi. Hilo lijulikane mapema.

Usisome majina ya chaneli, soma kinachojirudia ndani yake. Ukikuta mlango wa buluu uliopauka, fremu ya filamu yenye ukuta wa buluu, jalada la sahani ya santuri na kipande cha kitambaa chenye ukungu wa rangi hiyo hiyo, hapo ladha imejitaja yenyewe: si "sanaa ya kisasa", ni buluu iliyokaa juani. Habari hiyo inamtosha mnunuzi wa zawadi na mpiga picha mwenza pia.

Udhaifu mkubwa wa Are.na unatokana na watumiaji. Picha iliyopakiwa kutoka kwenye simu inaingia ikiwa "IMG_4471" bila jina la mchoraji, na ikishaunganishwa na chaneli za wengine, chanzo kimepotea kwa wote. Picha ya skrini ina kasoro hiyo hiyo. Hifadhi kwa kiendelezi cha kivinjari ukiwa kwenye ukurasa wenyewe, maana hapo anwani ya chanzo hubaki kwenye bloku, kisha jaza jina la kazi, mchoraji na mwaka kwenye maelezo. Ni sekunde 20 kwa bloku. Kuzitafuta bloku 150 zisizo na majina miezi minane baadaye ni kazi ya siku mbili, na nyingine hazitapatikana.

Wanaotaka kulinganisha ladha wakiwa wawili watafute kwanza kipimo cha mfanano ambacho Last.fm huonyesha ukifungua wasifu wa mwenzako ukiwa umeingia kwenye akaunti yako. Kinatokana na wasanii mnaowasikiliza wote wawili, kwa hiyo akaunti yenye wiki mbili tu itatoa jibu la kubahatisha. Kwa filamu na picha hakuna njia ya mkato iliyo bora kuliko chaneli moja iliyofungwa ya Are.na yenye washirika wawili, kila mmoja akiweka bloku 15 bila kuulizana, pamoja na sentensi moja chini ya kila bloku ikisema ni kitu gani hasa ndani yake: mwanga, rangi, kona, au uso wa yule aliyesimama nyuma.