Python au Java kwenye usaili wa Google?
Usaili wa Google kwa nafasi ya mafunzo kwa vitendo huchukua takriban dakika 45, na kwa kawaida unachagua mwenyewe lugha ya kuandikia msimbo.

Python inaokoa muda, na siku hiyo muda ndio mali. Kuhesabu maneno yanayojirudia kwa Counter, zana ya Python ya kuhesabu vitu, ni mstari mmoja tu. Java kwa kawaida itakudai utangaze HashMap (jedwali la jozi za ufunguo na thamani) na aina za data zake, kisha uandike kitanzi cha kupitia neno moja moja. Namba kamili za Python hazina kikomo cha ukubwa. Kwenye Java, int (aina ya kawaida ya namba kamili) ikipita 2,147,483,647 inageuka hasi kimyakimya, nawe utalisaka kosa hilo huku dakika zikiyoyoma.

Ila Java ina TreeMap, jedwali kama HashMap ila lenyewe huziweka funguo kwa mpangilio. Maktaba ya kawaida ya Python haina kitu kama hicho. Tena Python husitisha funksheni inayojiita yenyewe ndani kwa ndani ikifika kina cha miito 1,000 hivi, usipobadilisha kikomo.

Mimi ningechukua Python, isipokuwa kama Java ndiyo uliyofundishwa chuoni miaka yote na vidole vimeizoea. Tafadhali usibadili lugha wiki moja kabla ya usaili: msaili anataka akusikie ukifikiri kwa sauti, siyo ukikumbuka nukta-mkato zinawekwa wapi.