Pampu ya Insulini: Ipi Inakuruhusu Kutoa Hewa?

Wauzaji wa pampu za insulini, yaani mashine ndogo za kuvaliwa zinazoingiza insulini mwilini, huanza na skrini na simu. Wewe anza na hewa. Pampu hizi hupiga kengele njia ya dawa ikiziba, lakini hazitofautishi insulini na kiputo: husukuma chochote kilichomo na kuandika kwamba dozi imeingia. Insulini ya U-100 ina uniti 100 kwa mililita moja, kwa hiyo kiputo cha mililita 0.01 kimekunyima uniti nzima. Kwa mtoto mdogo anayetumia dozi ndogo, hiyo si kidogo hata kidogo. Hewa yenyewe chini ya ngozi haidhuru. Kinachodhuru ni dozi iliyokosekana, maana pampu hutumia insulini ya haraka pekee na ketoni (asidi zinazojikusanya kwenye damu insulini ikikosekana) zaweza kupanda ndani ya saa chache.

Kwa kigezo hicho nazipanga hivi.

1. MiniMed 780G
Kichupa chake cha uniti 300 unakiona ndani, na hilo kwangu lina uzito kuliko skrini yoyote. Toa insulini kwenye friji mapema, kwani ikijazwa ikiwa baridi huachia viputo inapopata joto. Vuta polepole, elekeza mdomo wa kichupa juu, kigonge kwa ukucha mpaka viputo vipande, kisha virudishe kwenye chupa ya dawa. Halafu jaza mrija ukiwa haujaungwa mwilini, hadi tone lichomoze kwenye ncha. Ukiona kiputo mchana, chomoa mrija mwilini kwanza, ndipo ukisukume nje.

2. Tandem t:slim X2
Nayo hubeba hadi uniti 300, ila katika kifuko kilichofichwa ndani ya katriji. Lazima uvute hewa iliyobaki humo kwa bomba la sindano kabla ya kujaza. Anayeruka hatua hii atakutana na hewa hiyo kwenye mrija. Inajitetea kwenye mtiririko: huchota insulini kidogo kidogo kutoka kifukoni kabla ya kuisukuma, hivyo akiba yote haiko wazi kuelekea mwilini.

3. Omnipod 5
Haina mrija, hubeba hadi uniti 200 na huvaliwa siku 3. Hewa unaitoa ikiwa bado kwenye bomba la sindano. Ukishajaza, huwezi tena kuchungulia wala kurekebisha. Hata hivyo, kwa mtoto mtundu anayenasa mirija kila mahali, ningeichukua, mradi anayejaza ana mkono mtulivu.

4. V-Go
Haina betri wala kengele. Hutoa uniti 20, 30 au 40 kwa saa 24, basi, na za mlo huongezwa kwa kubonyeza, mbili mbili. Ni ya watu wazima wenye kisukari aina ya pili ambao dozi yao haiyumbi.

Kwa wa Mombasa na Dar es Salaam: insulini iliyo ndani ya pampu ikipita nyuzi 37 hutupwa, kwa hiyo usiivae juani bila kifuniko.

Kabla ya kulipa, mwambie muuzaji aijaze mbele yako mwanzo hadi mwisho, kisha ujaze wewe. Uliza pia vichupa na mirija vinatoka wapi na bei yake kwa mwezi, kwa kuwa mirija mingi hubadilishwa kila siku 2 au 3. Na usigawe kalamu zako za insulini. Pampu ikigoma usiku, utazihitaji.