Kwikwi na Kibogoyo: vitabu 11 kati ya 12 vya dragoni tulivyosoma usiku hapa Ipagala, Dodoma

Nimeahirisha sana kuandika hii maana kila nikishika simu usiku watoto wanataka hadithi, sasa tumefika mwisho wa kitabu cha mwisho wiki iliyopita bas naandika kabla sijasahau. Ni vile vitabu vya How to Train Your Dragon vya Cressida Cowell, mama mmoja wa Uingereza. Viko 12, cha kwanza kilitoka 2003 na cha mwisho 2015. Wengi mnaijua ile katuni ya 2010, hata mi nilianzia huko, mwanangu aliiangalia kwa jirani akarudi anaruka juu ya kochi amejifunga kanga mabegani, nikasema ngoja nitafute kitabu chake.

Sasa ukija kwenye kitabu na katuni yako kichwani utashangaa. Yule Toothless wa katuni ni dragoni mweusi mkubwa anapandwa mgongoni kama farasi. Wa kwenye kitabu ni kadogo, kenyewe ndo kadogo kuliko vya watoto wote, hakana meno, kalafi, kabinafsi, kanadeka, ukikaambia fanya hiki kanafanya kile, alafu kana kigugumizi.

Hilo la kigugumizi sikulijua wakati nanunua. Nililikuta usiku wa kwanza, nimekaa kitandani na watoto wangu wawili, nasoma Kiingereza kimoyomoyo afu nawasimulia kwa Kiswahili, nikafika pale dragoni anafungua mdomo kwa mara ya kwanza na maneno yake yameandikwa yanakwama, herufi ya kwanza inarudiwarudiwa. Nikanyamaza. Kijana wangu wa darasa la nne ana kigugumizi tangu ana miaka minne. Nikawaza niruke, nimsimulie kama anaongea kawaida. Nikasema hapana, nikamsoma alivyo, "n-n-nina njaa". Mtoto akainuka akakaa. Akaniuliza, mama, dragoni naye? Nikamwambia ndio baba, naye.

Kuanzia usiku ule maneno ya dragoni anasema yeye. Mimi nasimulia, nikifika kwenye dragoni namwambia kwa sikio anachotakiwa kusema, anasema. Hakuna anayemharakisha maana mhusika mwenyewe ndo anaongea hivo. Tumekwenda hivo vitabu 11, na kwenye vyote 11 huyo dragoni hajaponywa kigugumizi chake, hakuna mchawi aliyekuja kumfungua ulimi, anakula, anagombana, anaiba chakula, anaokoa watu, na bado anakwama kwenye maneno. Namshukuru sana huyo mwandishi kwa hilo.

Hadithi yenyewe kwa ufupi. Kuna kisiwa kinaitwa Berk, kina baridi na mvua na matope, wanakaa Waviking, wale mabaharia wapiganaji wa kale wa Ulaya kaskazini, wa kabila la Hairy Hooligans. Mtoto wa chifu anaitwa Hiccup Horrendous Haddock wa Tatu, mwembamba, mpole, hana sifa hata moja ya kishujaa, na ndo anatakiwa aje kurithi kiti cha baba yake. Watoto wa kiume wanapelekwa kwenye pango lenye dragoni maelfu wamelala, kila mmoja akamate wake amfundishe, akishindwa anafukuzwa kwenye kabila. Sio kuchapwa, kufukuzwa kabisa. Rafiki yake anakosa dragoni, Hiccup anampa wa kwake, anarudi tena ndani kutafuta mwingine, na huyo wa pili anayempata kwa papara ndo hako kabogoyo.

Afu kuna kitu hapo nimekiwaza mpaka kazini. Kabila zima lina kitabu kimoja cha kufundisha dragoni, kimeibiwa kutoka maktaba ya kabila lingine, mtoto anakifungua kwa hamu ajifunze na ndani kuna ushauri mmoja tu: mpigie kelele, na kadiri unavyopaza ndivyo bora. Basi. Na kweli watoto wote wanawapigia kelele dragoni wao na wanatii. Hiccup sauti yake haitoshi. Ila anajua lugha ya dragoni, jambo ambalo kwao ni mwiko, kaijua kwa kukaa kimya miaka mingi akiwasikiliza. Anajaribu kumbembeleza wake, anajaribu kwa shukrani, kwa vitisho, kwa tamaa ya chakula, kwa sifa, mpaka kwa utani na vitendawili. Sasa jamani, mtoto wangu amesoma mwaka mzima kwa mwalimu ambaye akikwama anamwambia sema kwa sauti, paza sauti, wenzio wanakusubiri. Sitaji shule. Nilikuwa nasoma ukurasa ule nahisi koo linakaza, nikawaambia watoto nina mafua.

Nirudi kwenye lugha maana ndo kazi niliyoifanya miezi yote. Kijana anasoma Kiingereza cha shule, hiki kimemshinda, kina maneno ya kubuni na matusi ya kitoto kila mahali. Kwa hiyo majina mengi nimeyatafsiri. Hiccup ni Kwikwi, hilo lilikuja lenyewe. Toothless ni Kibogoyo. Binamu mbabe, Snotlout, tukamwita Makamasi. Gobber mwalimu wao tukamwita Mzee Mbweu. Fishlegs, rafiki yake mwenye pumu na ukurutu na miwani, ambaye mwili wake haupatani kabisa na dragoni, tulijaribu Miguu-Samaki wakakataa, akabaki Fishlegs. Dragon yenyewe nilianza na "joka", binti yangu mdogo akanirekebisha kwamba joka ni nyoka mkubwa, nyoka hana miguu wala mabawa. Bibi yao alikuwa amekuja kutoka Mpwapwa, akaangalia michoro muda mrefu akasema huyu ni kenge amepewa mabawa. Tukabaki na dragoni, ila Bibi mpaka leo anasema kenge, "leo yule kenge amefanya nini?"

Kingine kilichonifurahisha, ndani ya vitabu mwandishi hajiiti mwandishi. Imeandikwa kwamba kitabu kimeandikwa na Hiccup mwenyewe akiwa mzee, na Cowell ametafsiri tu kutoka lugha ya kale ya Waviking. Kwa hiyo nami nilikuwa naendeleza kazi yake, ndivyo nilivyowaambia watoto na waliamini.

Michoro amechora yeye mwenyewe, imekwaruzwakwaruzwa na wino umedondoka kama daftari la mtoto, kuna ramani, kuna kurasa za kila aina ya dragoni na alama zake, sumu kiasi gani, kasi kiasi gani, anatisha kiasi gani. Hizo kurasa watoto wangu wamezizoea kama wanavyozijua timu za mpira. Kijana amechora za kwake za wanyama wa huku, mjusi, kinyonga, nge, na kumpa kila mmoja maksi. Shida ni kwamba baadhi ya maandishi yameigwa mwandiko wa mkono, mtoto anayejifunza kusoma hawezi kuyasoma mwenyewe, hata mi kwa mwanga wa tochi ya simu umeme ukikatika nilikuwa nakisogeza kitabu mpaka puani.

Bahari nayo ilitutesa kidogo. Watoto wa Dodoma hawa, maji mengi waliyowahi kuona ni bwawa la Hombolo, na bahari mara moja tu tulivyoenda Dar na treni ya SGR. Sasa unawaelezaje mawimbi kama mlima na dragoni wa baharini ukubwa wa kilima amelala ufukweni? Nikawaambia fikirini Mlima Simba pale, uamke, uwe na njaa. Walielewa. Upepo haukuwa na shida, upepo tunao. Mwandishi mwenyewe alipokuwa mdogo alikuwa anapelekwa likizo kwenye kisiwa kidogo cha Scotland kisicho na watu wala umeme, na unaposoma unajua kabisa huyu mtu hiyo baridi ameipata mwilini.

Niseme na hili maana mama mmoja tunayesali naye aliniuliza kwa nia nzuri kabisa, kwamba si joka ni yule wa Ufunuo, mbona nawalisha watoto shetani? Nilimjibu hivi, kwenye vitabu hivi dragoni ni kama wanyama, wapo wabaya na wapo wema, na sehemu kubwa ya hadithi ni kuuliza kama binadamu ana haki ya kuwafunga minyororo. Nikamwazima cha kwanza akakisome mwenyewe. Alikirudisha akaomba cha pili.

Ila wazazi nisikilizeni hapa. Vitabu vinane vya mwanzo unaweza kusoma hata ukiruka, kila kimoja kina safari yake na mwisho wake, vinachekesha, makamasi na ushuzi kwa wingi. Kuanzia cha 9 mpaka cha 12 ni hadithi moja inayoendelea, usithubutu kuvuruga mpangilio, na ni nzito. Kuna vita kati ya dragoni na binadamu, watu wanakufa, Kwikwi anakuwa mtu wa kuwindwa. Kuna alama ya utumwa, anaipata kwenye cha 7, anaificha chini ya kofia yake ya chuma, na ile siku inaonekana mbele za watu binti yangu alilia nikafunga kitabu. Ana miaka sita, kosa langu, hivyo vinne vya mwisho mtoto awe na miaka tisa au kumi.

Usiku ule Bibi alikuwepo. Hakusema kitu mpaka watoto walipotulia, kisha akawaambia kwamba njia ya misafara ilipita Mpwapwa, kwamba babu yake alisimuliwa na wazee wake jinsi watu walivyopita wamefungwa shingoni wakielekea pwani, na kwamba wenyeji walikuwa wanajua hata sauti ya minyororo ikiwa bado mbali. Hakuna mtu aliyeomba tuendelee kusoma. Kesho yake kijana ndo akaniuliza Kwikwi aliivua ile kofia lini.

Wasichana pia wanachelewa kuingia. Kitabu cha kwanza chote ni wavulana na kelele zao, binti yangu alikuwa anauliza wasichana wako wapi, nikawa namjibu wanakuja. Kwenye cha 3 ndo anatokea Camicazi, mdogo, nywele chafu, hodari wa kutoroka kwenye kila gereza na wa kujisifu, na tangu hapo binti akawa na mtu wake. Na mama yake Kwikwi ni shujaa mkubwa ambaye hakai nyumbani, yuko safarini kila siku, hilo nalo limeleta maswali mezani kwetu maana baba yao kazi yake ni ya safari.

Kuvipata sasa. Mpya vyote 12 kwa mkupuo ni hela nyingi, sikuweza. Nimevikusanya vya mtumba kimoja kimoja, vingine ndugu amenitafutia Dar kwa wauza vitabu wanaopanga chini, bei kati ya elfu 8 na elfu 15 kulingana na hali. Kagueni kurasa kabla ya kulipa! Mimi cha 5 nililetewa hakina kurasa za mwisho kabisa, muuzaji akasema hakujua, na simu yangu ya pili hakupokea, ikabidi nikinunue upya. Vya jalada laini karatasi yake ni nyepesi, kwa vumbi letu hili na mikono ya watoto vimeanza kuachia, gundi ya mgongoni imekauka, nimevishona kwa uzi.

Navipa alama 9 kwa 10. Hiyo moja nimeitoa kwa ajili ya kile cha kwanza kisicho na wasichana.

Kilichobaki ni cha 6, A Hero's Guide to Deadly Dragons, ndo hicho pekee hatujakisoma, nimezunguka mpaka Majengo sijakiona. Kijana ananikumbusha kila siku kwamba Kibogoyo lazima anaongea humo na yeye maneno yake hayajui. Mwenye nacho hapa Dodoma aniambie, cha 2 ninacho viwili tubadilishane, kimoja ni kizima kabisa na hakijashonwa.