Tovuti ya mchele: .com au .co.tz?

Dada yangu anauza mchele wa Kyela sokoni Mwanjelwa, Mbeya, na sasa anataka tovuti; swali ni jina la tovuti hiyo liishie na .com au .co.tz. Majina ya .com yalianza mwaka 1985, hayafungwi na nchi, na yeyote duniani husajili. Ndiyo maana mafupi mazuri yameshachukuliwa zamani. Ya .co.tz ni ya biashara, na ile tz ni herufi 2 za Tanzania. Mteja wa Iringa akiisoma kwenye mfuko wa kilo 5, anajua mzigo ni wa nyumbani. Mimi nampendekezea hiyo, tena kwa moyo wote. Angekuwa anapeleka kahawa ya Mbozi Ujerumani, ningesema .com, au achukue zote mbili. Ila .go.tz asiiguse: hiyo ni ya serikali.