Sauti ya Dhiki, nakala ya shilingi 350

Diwani hii ya mashairi ya Abdilatif Abdalla nimeinunua juzi Marikiti, Mombasa, kwa mzee anayetandaza vitabu vya zamani juu ya gunia. Alianza na 500. Nikamwambia, "Mzee wangu, kitabu hiki nimekisoma miaka bila jalada, hilo jalada lako silinunui." Akacheka, akashusha.

Niseme mapema nimetoka wapi. Mwaka 2003 nilihukumiwa kunyongwa kwa wizi wa mabavu. Kenya haijamnyonga mtu tangu 1987, lakini hakuna alalaye kwa kutegemea hilo. Funguo zikilia saa tisa usiku, kila mtu anakaa kitako. Agosti 2009 Rais Kibaki akatugeuzia kifungo cha maisha, zaidi ya watu elfu nne kwa mara moja. Baada ya uamuzi wa Mahakama ya Juu wa Desemba 2017 kesi yangu ikarudi, nikahesabiwa miaka niliyokwisha kaa. Ndiyo maana leo nabishania bei ya kitabu.

Abdilatif Abdalla, mtoto wa Mombasa, alikamatwa Desemba 1968 akiwa na miaka 22, kwa karatasi iliyouliza Kenya inakwenda wapi. Akafungwa miaka mitatu, akatengwa peke yake gereza la Kamiti, na mashairi akayaandika kwenye karatasi za choo. Yakachapwa 1973, ndiyo hii Sauti ya Dhiki. Mwaka uliofuata yakapata tuzo yenye jina la Jomo Kenyatta, yaani rais ambaye serikali yake ndiyo iliyomfunga! Hapo mimi hucheka kila mara.

Kwetu gerezani nakala ilikuwa moja, na ukurasa mmoja wa shairi la "Siwati" mtu alikuwa ameusokotea sigara. Mwenzangu wa seli, mtu wa Kakamega, alidhani siwati ni mambo ya wati za umeme, maana taa ya juu yetu ilikuwa haizimwi usiku kucha. Nikamweleza kuwa ni Kimvita, Kiswahili cha Mombasa, siwati ni siachi. Akaitazama ile taa. "Basi hata hii haiwati," akasema. Tangu siku hiyo akawa mshairi.

Mizani, yaani hesabu ya silabi za kila mshororo, tulijifunza kwa maharagwe. Kila jioni tunabakisha kumi na sita, tunayapanga juu ya blanketi, nane za ukwapi, nusu ya kwanza ya mshororo, nane za utao, nusu ya pili, kisha unasema mshororo ukisogeza harage kwa kila silabi. Likibaki moja, umepunguza, na mwenzako anayala yote. Ubeti wangu wa kwanza ulinichukua siku nne, na siku zote nne nililala na njaa. Usiku niliousema mzima bila harage kubaki, nilishindwa kulala, nangoja kukuche niwaghanie wa seli ya pili. Tangu hukumu isomwe sikuwahi kuingoja asubuhi kwa hamu.

Kwa upande wangu, "Mnazi" ndilo tamu kuliko yote. Alii na Badi wanagombea mnazi, hakuna anayekubali kushindwa, na sisi tukilighani kwa sauti mbili hadi afande mmoja wa zamu ya usiku akawa anakuja kusimama mlangoni asikize. "Mamba" ni kali. Kasoro ni kwamba Kimvita chake kinahitaji mtu wa Mombasa karibu. Kijana wa Eldoret au Dodoma atajikwaa kila mstari. Kingine si kosa la mwandishi, ila kilinikera miaka mingi: yeye alijua kifungo chake kinaisha lini. Subira yake ina tarehe. Kuna beti za kujipa moyo nilizozifunga kwa hasira, nikazirudia mwaka mwingine, na zingine hadi leo zinanikataa.

Nyota nne. Ile nakala isiyo na jalada niliiacha kwa kijana wa seli ya nne. Alikuwa amefika "Jipu", na maharagwe bado anayahesabu vibaya.