Kishikio cha Kikombe cha Probox: Nimekipitisha Kwenye Matuta ya Umoja

Haya watu wangu, karibuni tena ndani ya gari. Injini na mafuta leo tuviache, Probox mnaijua, nusu ya mizigo ya Gikomba inabebwa nayo. Leo ni kitu kimoja tu. Kamera, fuata kidole changu. Shuka kidogo. Hapo!

Hiki ni kishikio cha kikombe, na nimekipenda kweli. Toyota walipoibadilisha Probox mwaka 2014, walihakikisha pakiti ya maziwa ya lita 1 inaingia humu. Ninayo hapa. Ona: inateremka, inakaa, shingo inabaki nje ya kushika. Natikisa. Imetulia tuli! Aliyechora hiki aliketi kwanza na dereva anayeshinda garini kutwa, akamuuliza anakula wapi na anakunywa wapi.

Sasa natoa maziwa, natia kikombe cha thermosi, chai imejaa na kifuniko nimekitoa makusudi. Tuko Umoja, na matuta ya huku hayana hata rangi. Tuta la kwanza hilo… gari tupu, nyuma imeruka, mmesikia. Tazama chai! Imepanda upande, imerudi. La pili… hamna tone.

Hili jambo linaniuma kwa sababu mwezi uliopita nilinunua kile cha plastiki cha kubana kwenye tundu la kiyoyozi, shilingi 400, kwenye msongamano wa Jogoo Road. Siku ya tatu, tuta moja tu, kikaachia. Chai yote pajani, na lori liko mbele yangu. Pesa zenu msitupe huko.

Na chai ya moto garini si mchezo. Mwaka 1992 huko Albuquerque, Marekani, bibi wa miaka 79 aliungua vibaya akiwa ameketi kwenye gari lililosimama. Gari halikuwa na kishikio, akabana kahawa magotini ili afungue kifuniko. Kesi yake ikajulikana dunia nzima.

Wamarekani wenyewe walichelewa. Miaka ya 1950 ulikuwa unapata viduara visivyo na kina nyuma ya mlango wa kisanduku cha dashibodi. Ukiondoa gari, kikombe kinakufuata. Mabasi madogo ya familia ya Chrysler, mwishoni mwa 1983, ndiyo yaliyokuja na mashimo yenye kina, na watengenezaji wengine wakafuata. Leo Subaru Ascent ina vishikio 19 na abiria hawazidi 8!

Wajerumani nao walikaza shingo miaka mingi, eti gari ni la kuendesha, si la kunywea. Walipokubali, wakaleta vile vikono vyembamba vya kuchomoza. Kama una BMW ya miaka ya mwisho ya 1990, nenda ukabonyeze chako sasa hivi, kisha uniandikie hapo chini kama bado kinatoka.

Kabla sijasahau, video sasa zitatoka Jumatano, si Ijumaa tena. Bonyeza kengele.

Turudi. Kasoro ipo, nami siwafichi: kikombe cha nyumbani chenye mkono hakiingii. Jaribu… unaona, mkono unagonga ukingo. Chupa ya maji ya nusu lita nayo inacheza kidogo. Mimi nimezungushia kitambaa. Kuna magari mengine ya Kijapani yenye kishikio mbele ya tundu la kiyoyozi, na kwa soda hilo ni zuri sana, inabaki baridi mpaka Thika. Lakini ukiwasha kiyoyozi na una chai, kufika Roysambu umeshikilia maji ya uvuguvugu. Kwa mnywaji chai, Probox bado iko mbele.

Ukienda kununua, usiangalie kilomita tu. Beba thermosi yako, iweke humo mbele ya muuzaji, mwambie azungushe gari uwanjani. Ngoja nimalizie hii chai, bado ni moto.