Mitihani ya majaribio ya GMAC: mizani ya kuaminika, ila usiigeuze kuwa mwalimu

Anayejiandaa kwa GMAT, mtihani wa kuombea nafasi kwenye shule za biashara kama za MBA, hukutana na mrundikano wa bidhaa: kozi za video, vitabu, programu za simu, benki za maswali. Cha kuangaliwa kwanza ni hiki cha GMAC, waendeshaji wenyewe wa mtihani: mitihani miwili kamili ya majaribio, bure, kwa yeyote anayefungua akaunti kwenye mba.com. Ipo pia minne ya kulipia, namba 3 hadi 6. Kwa kazi ya kupima, hakuna kinachoifikia. Kwa kazi ya kufundisha, ni dhaifu, na wengi wanaoilalamikia waliitumia kwa kazi hiyo ya pili.

Umbo lake ni lile lile la mtihani wenyewe tangu toleo jipya lilipoanza Novemba 2023 na la zamani kufungwa mwishoni mwa Januari 2024. Maswali 64 kwa saa 2 na dakika 15: Hesabu 21, Lugha 23, Uchambuzi wa Data 20, kila sehemu dakika 45. Unachagua mwenyewe ipi ianze na ipi ifuate, na una mapumziko ya hiari ya dakika 10. Alama ya jumla huanzia 205 hadi 805, na ya kila sehemu 60 hadi 90. Kitabu chochote chenye jometri, kusahihisha sentensi au insha ni cha mtihani uliokwisha kufutwa. Kiweke kando hata kama umepewa bure. Vivyo hivyo ukisikia mtu anasema shule fulani inataka 700, uliza anazungumzia kipimo kipi, maana 645 ya sasa inakaribiana na 700 ya zamani.

Nguvu ya mitihani hii iko kwenye injini yake. GMAT hubadilisha ugumu swali kwa swali: ukipatia, linalofuata linaelekea kuwa gumu zaidi, ukikosa, linalegea. Kwa hiyo idadi ya makosa peke yake haisemi kitu. Watu wawili wanaweza kukosa maswali saba kila mmoja wakatoka na alama tofauti kabisa, kwa sababu ya ugumu wa yale waliyokosa na waliyopata. Majaribio ya GMAC hutumia namna ile ile ya kukokotoa alama na maswali yenye mkono ule ule. Majaribio ya watoa mafunzo wengine yanafaa kujenga pumzi na kasi, ila alama zake zisikupandishe wala kukushusha moyo.

Sehemu inayofanya mitihani hii istahili muda wako kuliko nyingine ni Uchambuzi wa Data. Humo mna jedwali unalolipanga upya kwa kuchagua safu, grafu yenye sentensi za kujaza kwa menyu, na maswali ya vyanzo vingi ambayo taarifa zake zimegawanywa kwenye kurasa mbili au tatu za kubofya. Kitabu cha karatasi hakiwezi kukuonjesha hayo. Halafu sehemu hii ni theluthi kamili ya alama ya jumla, sawasawa na Hesabu na Lugha, na bado wengi huiachia wiki ya mwisho. Swali lenye vipande viwili au vitatu halina alama ya nusu: ukikosa kipande kimoja, umekosa swali zima. Kikokotoo cha kwenye skrini kipo hapa tu. Kwenye Hesabu hakuna, kwa hiyo simu iliyokaa pembeni ya karatasi yako nyumbani inakuharibia kipimo.

Humo pia ndimo yalimo maswali ya utoshelevu wa data, ambayo hayataki jibu lenyewe bali kama taarifa mbili ulizopewa zinatosha kulipata, na hapo ndipo makosa ya tabia huonekana wazi. Chukua hili: je, x ni kubwa kuliko 3? Taarifa ya kwanza inasema x kwa kipeo cha pili ni kubwa kuliko 9. Ya pili inasema x kwa kipeo cha tatu ni kubwa kuliko 27. Mtu mwenye haraka huziunganisha zote mbili, akaona jibu limepatikana, akachagua kwamba zinahitajika pamoja. Amekosa. Taarifa ya kwanza inaruhusu x iwe 4 au hasi 4, kwa hiyo haitoshi. Ya pili peke yake inatosha, kwa kuwa kipeo cha tatu hakifichi alama ya hasi. Kosa jingine ni kudhani kwamba "kutosha" maana yake jibu liwe "ndiyo". Ukiulizwa kama namba kamili n inagawanyika kwa 6, na taarifa ikasema n ni witiri, jibu ni "hapana" la uhakika, na uhakika huo unatosha. Ukifanya jaribio la kwanza kabla hujazoea mantiki hii, unapima ugeni wako tu.

Ndiyo maana ushauri wa kufanya jaribio siku ya kwanza kabisa haufai kwa mitihani hii miwili. Tenga kama wiki mbili za kuzijua aina za maswali kwa maswali ya mazoezi, kisha fanya namba 1. Namba 2 iwekwe hadi siku kumi hivi kabla ya mtihani. Unaweza kuianzisha upya mitihani hii, lakini maswali huanza kujirudia, na swali ulilowahi kuliona linakupa dakika za bure na alama ya uongo. Hapa ndipo bidhaa inapobana: mizani ni nzuri, lakini vipimo safi vya bure ni viwili tu.

Kuhusu muda, wastani ni takriban dakika 2 na sekunde 8 kwa swali la Hesabu, chini kidogo ya dakika 2 kwa la Lugha, na dakika 2 na robo kwa la Data. Usiangalie saa kila swali, weka vituo. Hesabu ni rahisi kukumbuka: kila maswali 7 ni dakika 15, kwa hiyo ukimaliza la 7 zibaki dakika 30, la 14 zibaki 15. Kwenye Lugha, ukimaliza la 8 zibaki kama dakika 29, la 16 kama 13 na nusu. Data haifuati mstari ulionyooka: seti ya vyanzo vingi hula dakika mbili au tatu za kusoma kabla hujajibu chochote, kisha maswali yanayofuata kwenye seti hiyo yanakwenda haraka. Anayeshtuka hapo na kuanza kukimbia huvuruga sehemu nzima.

Huwezi kuruka swali ukaendelea mbele bila kujibu, na kuacha maswali ya mwisho wazi kuna adhabu kali. Swali lililokula dakika tatu bila njia kuonekana, ondoa majibu yasiyowezekana, bahatisha, songa. Imani kwamba maswali kumi ya kwanza ndiyo huamua alama imewaponza wengi: wanayapa dakika tatu tatu, kisha wanabahatisha matano ya mwisho mfululizo, na mfululizo wa makosa mwishoni unauma.

Mtihani unakuruhusu kuwekea alama maswali yoyote na kuyarudia ukimaliza sehemu, ila majibu utakayobadilisha hayazidi 3, na nafasi hiyo ipo tu ikiwa muda umebaki. Mwenye kuwekea alama maswali tisa hana mpango, ana wasiwasi. Yawe mawili au matatu, yale uliyoona njia yake lakini hesabu ikakutia shaka. Swali ambalo hukulielewa kabisa halitaeleweka kwa sekunde 40 za mwisho. Jaribio la GMAC lina kitufe hicho hicho, kwa hiyo zoea hapo.

Tathmini baada ya jaribio ndiyo kazi kubwa, na inapaswa kuchukua muda mrefu kuliko jaribio lenyewe. Kabla ya kutazama jibu sahihi, rudia kila swali ulilokosa bila saa. Ukilipata sasa, tatizo lilikuwa muda au utulivu; ukilikosa tena, maarifa hayapo. Kwenye daftari la makosa andika aina ya swali, muda uliotumia, na sababu kwa sentensi moja ya kweli. "Uzembe" si sababu. "Nilitafuta x, swali liliuliza 2x" ni sababu, na ikijirudia mara tatu unajua cha kurekebisha: andika kinachoulizwa pembeni kabla ya kuanza kukokotoa. Pitia pia uliyopata kwa kubahatisha. Hayo ni makosa yaliyovaa nguo nzuri. Na alama ikipanda pointi 20 kutoka jaribio moja hadi jingine, usisherehekee bado. Tazama sehemu ipi imepanda, na kama muda wa maswali uliyokosa umepungua.

Mazingira nayo yafanane na ya siku yenyewe: saa ile ile ya siku, bila kukatiza, mapumziko dakika 10 tu. Kwenye kituo cha mtihani utaandikia kalamu ya kufutika kwenye daftari lililolaminishwa, na kalamu hizo ni nene kuliko unavyodhani. Hesabu iliyopangwa vizuri kwa penseli inajaa ukurasa mzima. Fanya jaribio la pili kwa kalamu ya aina hiyo.

Je, mitihani ya kulipia inafaa? Inafaa kwa mwenye wiki nane au zaidi ambaye daftari lake la makosa linaonyesha kwamba maarifa yapo na kilichobaki ni kasi na maamuzi. Asiyejua bado asilimia na uwiano atanunua namba nne tofauti zinazomwambia jambo lile lile. Fedha hiyo iende kwanza kwenye benki ya maswali yenye maelezo. Na ukinunua, bakiza angalau mmoja ambao haujaguswa. Kurudia mtihani halisi kunahitaji kusubiri siku 16, na ndani ya siku hizo utataka kipimo ambacho hujawahi kukiona.